Mbiu ya mgambo kwenye simu: ujumbe wa tahadhari utumweje, na useme nini?

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salaam.

Naomba tujadili jambo ambalo limenikaa moyoni tangu masika moja niliyoikuta kwa shangazi yangu, Kilwa Kivinje. Shangazi ana kitochi anachokitunza kuliko mimi ninavyoitunza simu janja yangu: kifuniko cha nyuma amekibana kwa mpira ili betri isichomoke, na hukipeleka kuchajiwa kwa jirani mwenye sola. Jioni moja bahari ilichafuka, upepo ukang'oa makuti ya vibanda viwili vya mama lishe karibu na diko, na mashua ya kijana mmoja wa mtaani ikapigwa mwambani. Kesho yake nilikishika kile kitochi nikaona alama ya bahasha inawaka na kuzima juu ya kioo. Nafasi ya meseji ilikuwa imejaa. Nikaanza kufuta moja moja: bahati nasibu, ofa za vifurushi, mkopo ambao hakuuomba, na mbili za wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nilipofika ya kumi na mbili simu ikalia, zikaanza kuingia zilizokuwa zikisubiri nje. Ya tatu ilikuwa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, iliyotumwa siku moja kabla ya upepo wenyewe. Shangazi aliniomba nimsomee. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: "Sasa hii walimpelekea nani?"

Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Nimeutafakari msemo huo sana tangu siku ile, kwa sababu umebeba karibu kila kitu ambacho mfumo wa tahadhari unatakiwa kuwa nacho. Mbiu ilikuwa pembe ya mnyama, na aliyeipuliza hakuhitaji kujua jina la mtu. Kila aliyekuwa ndani ya sauti yake aliisikia, mwenyeji na mgeni pia. Haikupulizwa kutangaza bei ya samaki. Na ilipolia watu walitoka nje, kwa kuwa walikwisha kuzoea kwamba nyuma ya sauti ile lipo neno la kusikilizwa. Ujumbe mfupi wa simu, kwa namna tunavyoutumia leo, ni barua: una jina la mpelekewa, unapita posta, unakaa kwenye foleni, na ukikuta sanduku limejaa unabaki nje. Tumechukua barua tukaipa kazi ya mbiu.

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ulikuwa salamu za Krismasi. Waliobuni njia hiyo hawakuwa wakifikiria maafa. Miaka 31 baadaye, tarehe na mwezi uleule, asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope na mawe vikashuka hadi Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba ujumbe wa simu ungezuia mlima kumeguka, wala kwamba kila mmoja angeokoka. Ninachosema ni kwamba simu zilikuwepo mifukoni na chini ya mito, na hazikuwa na la kuwaambia wenyewe.

Kwa sisi watu wa pwani mfano mkubwa zaidi ni tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, Indonesia, na mawimbi yalichukua takriban saa 7 kuvuka Bahari ya Hindi hadi upande wetu, muda ambao basi linaweza kuwa limekaribia Lindi likitokea Dar es Salaam. Somalia ilipoteza karibu watu 300, hasa eneo la Hafun. Tanzania walikufa watu wapatao kumi au zaidi kidogo, baadhi yao wakiwa wanaogelea. Kenya, ambako watu waliondolewa kwenye fukwe, alikufa mtu mmoja. Habari ya wimbi ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia nzima kabla wimbi lenyewe halijafika ufukweni kwetu. Aliyekuwa majini ndiye aliyekuwa hajaambiwa.

Hivi leo kuna njia mbili kuu za kumfikia mtu kupitia simu bila intaneti. Ya kwanza ni hiyo barua: mtandao unachukua orodha ya namba, unaitafuta kila simu ilipo, na kuipelekea nakala yake. Ya pili haina jina la kawaida katika Kiswahili, nami hapa nitaiita tangazo la mnara. Mnara unatoa ujumbe mmoja hewani, na kila simu iliyoshikwa na mnara huo, ambayo imewezeshwa kupokea matangazo hayo, inaupokea kwa wakati uleule. Hakuna namba inayotafutwa wala foleni ya kusubiri, na anayetuma hapati orodha ya waliopokea, jambo ambalo linapaswa kuwatuliza wanaohofia kufuatiliwa. Kwenye simu nyingi za kisasa ujumbe huo huja na mlio wake wa pekee na kutanda juu ya kioo chote, hata kama mtu alikuwa anasoma kitu kingine.

Tusidhani kwamba waliotutangulia kwa mitambo hawakujikwaa. Julai 2021 mafuriko yaliua watu zaidi ya 180 Ujerumani, wengi wao katika bonde la mto Ahr. Nchi ile ilikuwa na ving'ora na programu za simu za kuonya, lakini tangazo la mnara haikuwa nalo, ilhali majirani zao Waholanzi walikuwa wanalitumia tangu mwaka 2012. Wajerumani walilianzisha rasmi Februari 2023. Ninalitaja hili kwa sababu watu wetu hupenda kusema kwamba tatizo ni umaskini. Ujerumani haikukosa fedha. Ilikosa kuamua mapema.

Sasa nije kwenye kile ambacho hasa kilinifanya nifungue uzi huu, nacho ni maneno. Mtambo unaweza kununuliwa, lakini hakuna atakayetuuzia Kiswahili cha kumwambia mtu aokoke. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, pamoja na rangi za njano, chungwa na nyekundu. Mpangilio huo ni mzuri kwa aliyefundishwa. Kwa asiyefundishwa, angalizo na tahadhari ni neno moja lililotamkwa mara mbili, na kwenye kitochi rangi haionekani. Halafu kuna ule msemo tuliouzoea wa "baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani". Mvuvi akisikia "baadhi" anaamini kwamba ni kwa wenzake. Akisikia "mawimbi yanayofikia mita 2" anajaribu kupima kwa macho, wakati ungemwambia tu kwamba bahari itachafuka kuanzia alasiri, asitoke, angeelewa na kuvuta chombo chake juu.

Lipo pia suala la saa. Ujumbe unaotungwa kwenye kompyuta huandikwa "kuanzia 20:00". Bibi yangu hana saa ishirini. Hata ukiandika "saa 2" bila neno usiku au asubuhi, wapo watakaojiandaa kwa asubuhi, na wapo vijana walioishi mjini watakaoigeuza kwa hesabu ya Kizungu wakapata saa nyingine kabisa. Mtu anaweza kupoteza maisha ndani ya tofauti hiyo ya saa 6.

Nimejaribu kutunga ujumbe wa mfano, kwa mafuriko ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, mto ambao tunaujua wote tangu mafuriko ya Desemba 2011 na kabla ya hapo. Nimejifunga kwenye herufi 160, ambazo ndizo meseji moja inabeba. Naomba muukosoe bila kunionea haya:

"TAHADHARI: Mto Msimbazi unafurika usiku huu. Wakazi wa Jangwani wahame sasa kwenda maeneo ya juu, wasivuke daraja, hadi saa 12 asubuhi."

Mchangiaji wa kwanza, fundi wa minara, Dodoma

Mkuu, hongera kwa uzi huu. Mfano wako wa barua na mbiu nitauazima kazini, kwa sababu nimekuwa nikihangaika kuwaeleza watu wasio mafundi jambo hilohilo kwa michoro.

Naomba niongeze hesabu. Tuchukulie kituo cha meseji kinatoa meseji 1,000 kwa sekunde, na wanaotakiwa kupelekewa ni watu 5,000,000. Kazi hiyo itachukua sekunde 5,000, yaani saa moja na dakika 23, na hapo hatujahesabu zile zinazorudi kwa sababu simu imezimwa au nafasi imejaa. Ongeza kwamba kwenye mitandao ya kizazi cha pili, ambayo ndiyo vitochi vingi vinaitumia, meseji hupita kwenye njia ileile nyembamba inayotumika kuunganisha simu. Siku ya maafa kila mtu anampigia mama yake, na njia hiyo inaziba. Tangazo la mnara lina njia yake, kwa hiyo msongamano wa wapigaji hauligusi.

Hata hivyo, nisingependa tuitupe barua. Tangazo la mnara halimfikii aliyezima simu wakati linatolewa, na vitochi vingi vya zamani vina sehemu ya kupokea matangazo hayo lakini imezimwa ndani ya mipangilio, na wenye navyo hawajui kama ipo. Meseji ya kawaida hubaki kwenye simu, husomwa tena, hutumwa kwa jirani. Kwa hiyo kama kuna siku mbili za kujiandaa, kama ilivyokuwa kwa kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, ambapo safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa mapema, barua inafaa. Kama kuna dakika ishirini, tumia mbiu.

Na kwa wale watakaosema kwamba makundi ya WhatsApp yanatosha, nawakumbusha tarehe 12 Mei 2024, siku chache tu baada ya Hidaya, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba karibu nchi nzima. Meseji za kawaida ziliendelea kwenda. Ningeogopa sana tahadhari ya watu ikitundikwa kwenye uzi mmoja ulio chini ya bahari.

Kuhusu rasimu yako nina kasoro mbili. Umeandika "usiku huu". Meseji iliyokwama kama ile ya shangazi yako inaweza kuingia kesho, na msomaji akakimbia usiku usio wake. Weka siku, tarehe na saa ya kutumwa mwanzoni kabisa. La pili ni dogo: neno TAHADHARI linakula nafasi bila kumwelekeza mtu popote. Kama ujumbe umekuja na mlio wake, mlio umekwisha kusema tahadhari.

Nimesahau jambo moja. Ni lazima ujumbe wa kufuta uwe umeandikwa kabla ya siku yenyewe. Tarehe 13 Januari 2018, saa 2 na dakika 7 asubuhi, watu wa Hawaii walitumiwa kwenye simu zao ujumbe kwamba kombora linakuja na kwamba hayo si mazoezi. Ilikuwa ni makosa ya mtumishi wa zamu. Zilipita dakika 38 kabla ya simu zilezile kupata ujumbe wa kusahihisha, na sababu mojawapo ni kwamba hapakuwa na maneno yaliyoandaliwa wala utaratibu wa kukanusha. Dakika 38 ni nyingi kwa mzazi aliyejifungia bafuni na watoto wake.

Mchangiaji wa pili, Goma

Ndugu zangu wa Tanzania, niruhusuni niseme, maana sisi wa Goma tunaishi chini ya mlima wa moto na juu ya ziwa lenye gesi.

Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Mlima ule ulikuwa umetuonyesha mwaka 2002, hivyo hatuwezi kusema hatukuujua. Jioni ile tuliona wekundu angani kabla ya kupata neno lolote rasmi. Wengine walikimbilia upande wa Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, na kila mtu alikuwa ameshika simu masikioni akimwuliza mwenzake, "Unaona nini kwenu?" Simu zilikuwa zikifanya kazi. Zilibeba minong'ono, kwa sababu minong'ono ndiyo iliyokuwepo.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliagiza watu wa mitaa kadhaa ya mji waondoke, kwa hofu kwamba moto ulio chini ya ardhi ungeweza kutokea mjini au ziwani. Wakati huo amri ilikuwepo na njia ilitajwa. Tatizo lilikuwa siku zilizofuata. Mwisho wa wiki hiyo serikali ilitangaza mlipuko mwingine, kisha ikakanusha. Wapo waliorudi mjini bila kuambiwa, kwa sababu Sake kulikuwa na njaa na hakuna aliyewaeleza watasubiri hadi lini. Mkuu, rasimu yako imeweka mwisho, "hadi saa 12 asubuhi". Je, mto utakuwa umesoma saa hiyo? Usimpe mtu saa ya kurudi ambayo huwezi kuithibitisha. Mwambie aondoke, kisha mtumie ujumbe mwingine wa kumrudisha.

Ujumbe ule wa pili ni wa lazima kama wa kwanza. Kwetu kuna kitu tunakiita mazuku, gesi inayolala kwenye mabonde na kuua mtu au mbuzi bila kelele. Aliyerudi mapema anaweza kuikuta imejaa shimoni nyuma ya nyumba yake. Moto wa mlima unauona. Mazuku lazima uambiwe.

Vilevile nawaomba msisahau kwamba mnara haujui mpaka. Mtu aliye Goma anaweza kushikwa na mnara wa Gisenyi, ng'ambo Rwanda, na wa Gisenyi akashikwa na wa Goma. Nchi mbili zikituma maneno yanayopingana kwa saa moja, mtu ataketi chini.

Na hilo neno "maeneo ya juu" lifute. Kwetu juu ndiko moto unakotoka. Taja jina la mahali.

Mchangiaji wa tatu, Nakuru

Shukrani kwa mwanzilishi wa mjadala. Huku kwetu wengi huandika arafa badala ya meseji, nami nitaliacha neno hilo kama lilivyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu, kijiji cha Kamuchiri, watu wakiwa wamelala. Miili ya makumi ya watu ilitolewa kwenye matope. Nilipita pale baadaye na kuona barabara imechimbika na magari yamekunjwa kama karatasi. Ninapowasoma nyinyi mkihesabu herufi, najiuliza ni nani angeisoma arafa saa 9 usiku. Arafa ya kawaida hulia mara moja, mlio uleule wa matangazo ya kamari, na wengi huzima simu usiku ili kuhifadhi moto wa betri. Kwa hiyo simu peke yake haitoshi. Ni lazima pawe na mtu wa mtaa, awe mzee wa Nyumba Kumi au kiongozi wa msikiti au kanisa, ambaye simu yake haizimwi na ambaye akipata arafa anatoka kugonga milango. Mbiu ya kwenye simu iamshe mtu mmoja, na mtu huyo aamshe kijiji.

Jambo la pili ni kuchelewa. Tarehe 29 Oktoba 2024, mkoani Valencia, Uhispania, idara ya hali ya hewa ilitoa onyo la kiwango cha juu kabisa asubuhi. Tangazo la mnara lilitoka saa 2 na dakika 11 usiku. Mitambo ilifanya kazi barabara, ikawafikia watu waliokuwa tayari juu ya paa za magari, na waliokufa walizidi 220. Ninatamani mjadala huu uulize pia ni nani mwenye ruhusa ya kubonyeza, na kama lazima aamshwe na watu watatu kabla hajabonyeza. Afisa wa wilaya anayeyaona maji kwa macho yake anapaswa kuwa na ruhusa hiyo bila kusubiri mkutano wa mji mkuu.

Mchangiaji wa nne, Magomeni

Kaka mwanzisha uzi, nimezaliwa Magomeni, na Jangwani naipita karibu kila siku. Nimesoma rasimu yako mara tatu, na nina mambo ambayo mtu asiye wa pale hawezi kuyaona.

Neno "wahame" litaua watu. Kwa miaka mingi watu wa bonde la Msimbazi wameambiwa "hameni mabondeni", na maana yake kwao ni kubomolewa, fidia, viwanja vya Mabwepande, na kesi. Wengi wameshalipwa na kuondoka kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, lakini neno bado lina kidonda. Ukimtumia mtu "hama" usiku, ataanza kufungasha godoro na friji, au atakasirika na kukaa. Andika "ondokeni". Kuondoka ni mwili wako na watoto wako.

"Wakazi" nalo si sahihi. Mvua ikinyesha, walio Jangwani wengi ni wapita njia: abiria wa mwendokasi, bodaboda, wauza mitumba, vijana waliokuja kucheza mpira. Mnara unamshika aliyepo. Sema "mlio bondeni".

Kubwa kuliko yote ni hili. Bonde lile lina pande mbili na daraja katikati. Ukimwambia kila mtu aende sehemu moja, hata ukiitaja kwa jina kama ndugu yetu wa Goma anavyoshauri, utakuwa umewaelekeza nusu yao wavuke maji. Aliye upande wa Magomeni akimbilie Mapipa. Aliye upande wa Kariakoo apande hadi kituo cha Fire. Watu wetu wanakufa wakivuka, wakidhani maji ni ya magotini kwa sababu mwenzao amepita dakika tano kabla.

Mwanzisha uzi

Dada yangu wa Magomeni, nakushukuru kwa namna ya pekee. Mimi niliitunga rasimu ile nikiwa nimekaa mezani, ukawa umenionyesha bonde lenyewe. Ninakubali kwamba ujumbe wa aina hii usiandikwe na mtu wa ofisini peke yake. Uandikwe msimu wa kiangazi, pamoja na watu wa mahali husika, mto kwa mto na mteremko kwa mteremko, ubaki tayari ukisubiri tarehe na saa tu.

Ndugu wa Nakuru, swali lako la nani abonyeze ni zito, nami ninaegemea upande wako kwamba wilaya iruhusiwe, mradi fundi wetu wa Dodoma apewe ule ujumbe wake wa kufuta. Ningeongeza mazoezi. Uingereza ilifanya jaribio la nchi nzima Jumapili tarehe 23 Aprili 2023, saa 9 alasiri, watu wakasikia mlio huo kwa mara ya kwanza siku isiyo na hatari. Na sisi tungechagua siku kabla ya masika, tutangaze redioni na misikitini na makanisani wiki nzima, kisha tuilize. Siku hiyohiyo tungegundua ni vitochi vingapi vimezimiwa matangazo, na vijana wa mtaani wangeviwasha kwa dakika chache. Kampuni za simu nazo zinaweza kutenga mlio wa tahadhari usitumike kwa ofa yoyote, milele.

Nimefuta TAHADHARI, nimeweka siku na saa mbele, nimeondoa "hadi saa 12 asubuhi", nimeacha "wahame" na "wakazi" na "maeneo ya juu", na nimezigawa pande mbili:

"Jumanne 14/4 saa 3 usiku. Mto Msimbazi unajaa. Mlio bondeni Jangwani ondokeni sasa: upande wa Magomeni nendeni Mapipa, wa Kariakoo nendeni Fire. Msivuke daraja."

Mchangiaji wa kwanza, fundi wa minara, Dodoma

Nimehesabu pamoja na nafasi na nukta zote. Ni herufi 160 kamili. Msiongeze hata koma.

Mwanzisha uzi

Nimempigia shangazi jioni hii nikamsomea. Hajawahi kufika Jangwani wala haijui Fire iko wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi sipo huko, mwanangu, lakini ningekuwapo sasa hivi ningekuwa natafuta kandambili."